Kufunga Mwanya

Nyumbani kwetu mwanya ni urithi, na mimi sikuupata. Bibi anao, mama anao, na mdogo wangu alipong'oka meno ya utotoni, yale mawili ya mbele yaliota yameachana kama watu waliokosana kidogo tu. Mimi meno yangu yamegusana. Shangazi yetu alikuwa akija kutoka tambarare, ananishika kidevu, ananigeuza upande huu na upande huu, halafu anasema, "Huyu wamemfunga kama duka la Same Ijumaa saa saba." Watu wanacheka. Nami nilicheka, mdomo nimeufumba.

Kwa hiyo nilikua nikimtazama mdogo wangu akiambiwa acheke. Sijui kama kuna neno aliloambiwa mara nyingi kuliko hilo. Mgeni akifika, baada ya shikamoo na marahaba, kabla hata ya chai: "Hebu cheka tuone." Mchungaji alimwambia. Mwalimu wa kwaya alimwambia. Siku tuliyomzika mjomba wa mama, mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango alimwita, akamwambia acheke kidogo, maana msiba umezidi. Mdogo wangu alicheka. Mzee akasema, "Huo mwanya una ng'ombe ndani yake," na wanaume waliokuwa kwenye benchi wakakubaliana naye.

Bibi anasema babu alimwona akicheka mtoni na hapohapo akaenda kwa baba yake kusema anataka kuoa. Babu alishafariki, hivyo hatuwezi kumuuliza alikuwa anatazama nini hasa.

Nilimaliza chuo nikarudi nyumbani, kijiji cha juu, upande wa Pare Kusini, ambako tunalima tangawizi na maharage. Mpango ulikuwa nikae mwezi mmoja wakati nasubiri majibu ya kazi. Majibu hayakuja, na mwezi ule ukaunganika na mingine. Niliamka, nikamsaidia mama shambani, nikarudi, nikakaa barazani. Watu walinipa pole kwa namna ya kuniuliza, "Bado upo?" Nikawajibu bado nipo. Sikuwa na huzuni. Huzuni ningeitambua. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa, unaouona ni wako lakini ukiugusa unahisi unagusa kitu cha mtu mwingine.

Wakati huo ndipo yale majarida yalipoingia ndani ya nyumba. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, na shuleni kwao kulikuwa na klabu ya wasichana. Mtu fulani mwenye moyo mwema aliwaletea maboksi ya majarida ya wasichana, kwa Kiswahili, karatasi nzuri zinazoteleza. Kila mwanachama aliruhusiwa kuazima matatu kwa wiki. Mdogo wangu alileta matatu, na mimi, kwa kuwa nilikuwa sina la kufanya, nikayasoma yote kabla yake.

Chuoni tulifundishwa kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, na anataka nini. Niliyauliza majarida yale maswali hayo kwa uvivu, nikiwa nimelala kwenye mkeka. Ukurasa mmoja uliandikwa *Jipende ulivyo*. Ukurasa uliofuata ulieleza namna ya kuondoa chunusi, weusi wa magoti, weusi wa kwapa na nywele za juu ya mdomo. Nilijiuliza kama mwandishi wa ukurasa wa kwanza na yule wa pili wanafahamiana. Halafu kulikuwa na ile *-ako*. Chumba chako. Kabati lako. Kioo chako kirefu. Mdogo wangu alilala kitanda kimoja na bibi, na kioo chetu ni kipande kilichochomekwa kwenye ukuta wa jikoni, kinachoonyesha nusu ya uso kwa wakati mmoja. Jarida halikumwambia kwamba hana vitu hivyo. Lilimwambia tu kwamba ni vyake.

Kulikuwa na maswali ya kujipima: *Wewe ni msichana wa aina gani?* Tulifanya pamoja jikoni, yeye akichambua maharage, mimi nikisoma.

"Jumamosi asubuhi ukiamka, jambo la kwanza unafanya nini? A, najinyoosha na kunywa glasi ya maji ya limau. B, naangalia simu yangu. C, naendelea kulala."

"Na kuchota maji?"

"Haipo."

"Weka D."

"Hakuna D."

Alifikiri. "Basi A. Maji si yapo? Nitayanywa nikiwa nayachota."

"Limau?"

"Dada, na wewe! Limau la jirani."

Majibu yalisema yeye ni Msichana Nyota na kwamba anapaswa kutabasamu zaidi. Bibi, aliyekuwa kwenye kigoda karibu na moto, aliuliza kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, tunacheka nini. Mdogo wangu akamwambia gazeti limesema yeye ni nyota. Bibi akasema alishasema hilo zamani na hakuhitaji gazeti.

Nyuma kabisa kulikuwa na ukurasa wa picha ndogondogo za wasichana walizotuma wenyewe, *Tabasamu la Mwezi*. Nilimwonyesha mdogo wangu kwamba wote wana meno yaleyale. Mmoja wa Mbeya, mmoja wa Mtwara, mmoja wa Mwanza, na vinywa vyao vyote kama vimetolewa dukani siku moja. "Hakuna hata mmoja mwenye mwanya," nilisema. Nilidhani nimegundua jambo la kumfurahisha. Nilidhani nasema: ona walivyo wajinga.

Alitazama kwa muda. "Kweli," akasema, na kurudi kwenye maharage yake.

Hayo yalipita na sikuyafikiria tena.

Msimu wa mahindi mabichi ulipofika, tulikuwa tunachoma jioni na kula tukiwa tumesimama jikoni. Niliona mdogo wangu anapukuchua hindi lake kwa kidole gumba, punje moja moja, anazitia mdomoni upande. Nilimtania kwamba siku hizi anakula kama mgeni rasmi. Siku nyingine mama alimpa muwa, akaukata vipande vidogo kwa kisu kama anayemtayarishia mtoto. Alikuwa ameanza pia kuongea ameweka mkono mdomoni. Nilidhani ni umri. Wasichana wa umri ule huweka mikono mdomoni.

Mama ndiye aliyeona. Alimwambia acheke mbele ya mgeni na mdogo wangu akakataa. Hilo halikuwahi kutokea. Mgeni alipoondoka mama alimshika uso, akafungua mdomo wake kwa nguvu kama anavyofanya kwa mbuzi, halafu akaniita.

Ule mwanya haukuwepo. Meno mawili yalikuwa yamekaribiana hadi kugusana, na yalikuwa yameshuka, marefu kuliko mengine. Ufizi wa juu yake ulikuwa umevimba na una rangi ya nyama ya ini. Nilipoligusa moja kwa kidole lilicheza.

"Umeanguka?" mama aliuliza.

"Hapana."

"Umepigwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa mwanya umekwenda wapi?"

Lilikuwa swali la ajabu, lakini lilikuwa ndilo lenyewe. Mdogo wangu alitazama chini.

Kwenye zahanati ya kijiji walitupa dawa za kumeza na maji ya kusukutua. Baada ya wiki moja na kitu usaha ulianza kutoka. Tukashuka Same kwa gari la alfajiri, mimi na mama, mdogo wangu katikati yetu. Tulipofika chini kulikuwa tayari na joto na ule upepo wa vumbi wa pale mjini, na mdogo wangu alijifunga mtandio mdomoni. Hakuna aliyemshangaa. Nusu ya wanawake wa stendi walikuwa wamejifunga hivyo.

Tabibu wa meno alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye redio ndogo iliyosema taratibu dirishani. Alimchoma mdogo wangu sindano ya ganzi, akasubiri, akagonga mdomo wake. "Unasikia?" Mdogo wangu akatikisa kichwa. Alipasua ufizi kidogo, akachokora kwa kifaa chembamba, na akavuta kitu. Alikiweka kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kimpira cha nywele, vile vidogo vya rangi wanavyofungia watoto, cha waridi. Alirudi ndani akatoa kingine. Cha njano.

"Hivi ni nini?" aliuliza.

Mama aliinama kuvitazama. Alivijua. Vinauzwa kwenye kipakti, kila duka. "Vimefikaje huko?"

Mdogo wangu mdomo ulikuwa na ganzi, na maneno yalimtoka yakiwa yamelegea. Alisema alikuwa amefunga.

"Umefunga nini?"

"Mwanya."

Tabibu alituliza sauti yake na kutueleza kama anayesoma. Jino ni pana kwenye taji na jembamba kwenye mzizi. Kimpira kikivutwa kwenye meno mawili hakikai pale kilipowekwa. Kinateleza kuelekea kwembamba, kinaingia chini ya ufizi, kinapanda, na kinaendelea kubana njia nzima. Mwenye meno anaamka asubuhi hakioni. Anadhani amekimeza au kimekatika. Anavaa kingine. Alisema atayafunga meno yale kwa waya yashikamane na yale ya pembeni, tusubiri, tuone kama yatashika. Hakuahidi. "Yakishika, tumshukuru Mungu. Yasiposhika, tutayatoa." Nilisikia alivyotumia neno lilelile, kufunga, na sikuhisi chochote.

Tulikaa kwenye benchi la nje tukisubiri dawa. Mama alikwenda dirishani. Nilimuuliza mdogo wangu ni nani alimfundisha.

"Hakuna. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye jarida. Si ulisoma wewe."

Nilikuwa nimesoma. Nyumbani siku ya pili nililitafuta, maana hakuwa amerudisha lile moja. Ilikuwa sehemu ya makala ya kasoro zinazorekebishika. Iliandikwa hivi: *Mwanya kati ya meno ya mbele unaweza kufungwa kwa miezi michache tu. Ongea na daktari wako wa meno.* Niliisoma mara kadhaa. Hakuna mtu wa kwetu, wala mtu wa mahali popote ninapopajua, anayesema kufunga mwanya. Tunasema kuziba. Mwanya ni kama tundu, unazibwa. Kinachofungwa ni mlango, mzigo, mbuzi, kitenge. Aliyeandika sentensi ile alikuwa anatafsiri kutoka mahali, akachukua neno la kwanza lililokuja. Na msichana wa milimani, ambaye tangu utotoni ameona mambo yakirekebishwa kwa kufungwa, alielewa kile kilichoandikwa. Bibi alimfunga mtoto wa jirani kidole cha sita kwa uzi hadi kikaanguka. Sote tulifungwa uzi kwenye meno ya utotoni yakang'olewa. Migomba tunaifunga isianguke. Akatafuta kitu cha kufungia.

Kuhusu *daktari wako*, alikuwa ameliruka kama alivyoliruka *kabati lako*.

Niliona furaha fulani baridi kwa kugundua hilo. Ndicho kitu pekee kilichonichangamsha miezi ile. Nilikuwa na mkosaji, nilikuwa na ukurasa, nilikuwa na neno. Nilipanda kilimani ambako simu inashika, nikawaandikia wahariri kwa anwani iliyokuwa ndani ya jalada. Niliwaeleza tofauti ya kuziba na kufunga. Niliwaeleza kuhusu vimpira. Nilisema mdogo wangu ana meno mawili yaliyofungwa kwa waya na hatujui kama yatabaki.

Jibu lilikuja kabla sijashuka. *Asante mrembo kwa kutuandikia! Tunafurahi kusikia kutoka kwako. Endelea kung'aa!*

Nilimwonyesha mdogo wangu. Alisoma, akanirudishia simu.

"Wamekuita mrembo," alisema.

"Ni mashine imejibu."

"Hata hivyo. Shangazi hajawahi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuniona nikicheka kwa sauti, na yeye hakucheka kwa sababu ya waya.

Kulingana na tabibu hakutakiwa kutafuna kitu kigumu. Alikula uji, ndizi zilizopondwa, makande yaliyochemshwa hadi kuvunjika. Bibi alimsagia maharage kwenye kinu kidogo cha tangawizi, na chakula chake chote kikawa na ukali wa tangawizi. Hakulalamika. Kila asubuhi tulimtazama mdomoni, mama kwanza, kisha mimi, kisha bibi ambaye haoni vizuri na anatazama kwa kidole. Alivumilia mikono yetu yote. Tulikuwa tukisema, "Fungua," naye anafungua.

Siku moja nilimuuliza tena, maana jibu la jarida halikuniridhisha. Sentensi ilieleza alivyofanya. Haikueleza kwa nini. Tulikuwa tunatandaza tangawizi kwenye turubai.

"Ulitaka ufanane na wale wasichana?"

"Wale wa picha? Hapana. Wale ni wabaya."

"Sasa?"

Aliendelea kutandaza. "Nilitaka watu waache kuniambia nicheke."

"Nani?"

"Wote. Mchungaji. Yule mzee wa msibani. Bibi. Wewe."

"Mimi nilikwambia lini?"

"Hukusema. Unatazamaga."

Nilitaka kumwambia kwamba miaka yote ile nilikuwa natazama kile nilichokosa, lakini halikuwa jambo la kumwambia mtu mwenye waya mdomoni. Alisema jarida lilikuwa kitu cha kwanza alichowahi kusoma kilichosema mwanya ni kitu kinachoweza kuondoka. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Nyumbani waliuzungumzia kama mlima.

Nilimwambia jarida nalo lilimtaka atabasamu zaidi.

"Najua," alisema. "Ila lenyewe halinioni."

Meno hayakushika. Tabibu alitikisa la kulia, akatikisa la kushoto, akazima redio. Mdogo wangu aliyatazama kwenye sahani ya chuma baada ya kutolewa, marefu, yana mizizi myembamba, akauliza kama anaweza kuondoka nayo. Tabibu akasema hairuhusiwi. Njiani kurudi, mama alikuwa akilia kwa namna yake, bila sauti, akitazama mkonge nje ya dirisha. Mimi nilitazama pia. Nilisubiri kitu kije na hakikuja.

Nyumbani bibi alipitisha kidole kwenye ufizi, polepole, kutoka upande hadi upande. Alisema kitu kwa Chasu ambacho sitakitafsiri, maana kikiwa kwa Kiswahili kinakuwa cha ukali na hakikuwa cha ukali. Halafu akatoka nje akakaa na kuku.

Kwa majuma mengi mdogo wangu alikwenda shule na mtandio. Wageni walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Hakuna aliyemwambia acheke. Niliona anavyokaa katikati yao sasa, mabega yameshuka, anasikiliza mazungumzo. Sikujua niite nini hali ile. Mama aliiita unyonge. Mimi sikuwa na uhakika.

Jeraha lilipokauka tulikwenda Moshi mara mbili kwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa kijana wa rika langu, mwenye masikio makubwa na koti jeupe lenye madoa ya nta. Alikwishachukua umbo la kinywa safari ya kwanza. Sasa alikuwa na kibao kidogo cha nta chenye meno mawili, anakipima, anakitoa, anakipima tena. Akageuka kwa mama.

"Mama, niambieni. Niyaweke yagusane, au niweke mwanya?"

Mama alifungua mdomo. Mwanya wake mwenyewe ulionekana. "Weka mwa—" akaanza, halafu akanigeukia mimi, maana ndimi niliyesoma.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nayo tangu barazani: kuhusu nani anasema na anamwambia nani. Yote yangeweza kutumika kusema weka, na yote yangeweza kutumika kusema usiweke. Nikasema, "Mwulize mwenye mdomo."

Fundi akacheka. "Haya, dada mdogo. Amri yako."

Mdogo wangu alishika kioo cha mkononi alichopewa. Hakujitazama kwa muda mrefu.

"Ukiweka bila mwanya," alisema, "nikirudi kijijini wataniuliza."

"Watauliza, ndiyo. Watu hawakosi."

"Na ukiweka nao wataniambia nicheke."

"Mwanya mzuri watu wanapenda," fundi alisema. "Wengine wanakuja hapa kutengenezewa."

"Ukiweka mdogo? Mdogo sana. Ambao hauonekani mpaka niamue."

Fundi alikuna sikio. Alikichukua kibao, akapasha kisu kidogo kwenye mwali, akalisogeza jino moja kwa upana wa ukucha uliokatwa. Akapuliza nta ipoe. Mama alinishika mkono, nami nikauhisi mkono wake, una joto na mikwaruzo ya tangawizi.

Fundi akakirudisha kinywani mwa mdogo wangu na kukibonyeza kwa kidole gumba. Kwa mazoea ya kazi yake alitaka kusema neno tulilolijua. Nililiona linakuja.

"Hebu che—"

"Nimeona," mdogo wangu alisema, mdomo ameufumba. "Inatosha hivyo hivyo."